Bwana wa Harrowmere Hajiuzulu

Kesho yake baada ya mazishi, Piers alipoingia kunywa chai ya asubuhi, mbwa wote waliinuka. Siku zote mbwa wa Harrowmere walimwinukia mtu mmoja tu, baba yake, naye alikuwa kaburini.

"Wamekosea harufu," alisema mkewe, Imogen, akipaka mkate siagi.

Hawakukosea. Ugoro na sufu iliyolowa, harufu za baba yake, vilinuka kwenye kola ya Piers mwenyewe.

Piers alikuwa mbunge wa wachimba makaa, waliomcheka kwa miguu yake myembamba kisha wakampa kura. Sheria, kwa huruma zake, ilimpa mwezi mmoja aukane ulodi, cheo alichorithi kwa baba. La sivyo ubunge ungemtoka, ahamishiwe Baraza la Malodi, ambako watu husinzia kwa heshima zote. Lakini kila aliposhika kalamu aukane, mkono uliandika *Harrowmere*, jina la cheo peke yake, kama walivyosaini mababu. Na siku ya mwisho ya mwezi huo, alipoutupa wino motoni na kukimbilia ngazini, nyayo zake zikawa nzito za mzee mwenye jongo, na kikohozi kisicho chake kikampanda kooni pole pole, kama mtu anayerudi kwake na kukuta mlango wazi.

"Nani anakohoa?" Imogen alinong'ona.

"Mimi."

"Wewe hukohoi hivyo. Piers, leo ndiyo siku ya mwisho. Nimemwita padri."

"Padri yupi?"

"Wetherby wa hapa hapa. Kwani kuna mwingine?"

Piers alitaka kumwambia mkewe, binti wa daktari wa meno asiyekulia pale, jambo alilolijua kila mtoto wa nyumba ile: padri wa Harrowmere huteuliwa na lodi, hula kwa lodi, hulala kwa lodi. Mdomo ulikataa kufunguka.

Wetherby alikuja na maji na kitabu, akaanza vizuri. "Ewe pepo uliye ndani ya mtu huyu, toka."

Sasa mdomo ulifunguka. "Wetherby," ilisema sauti ya mzee. "Paa lako bado linavuja?"

Padri alishusha kitabu. "Linavuja, Bwana wangu."

"Tutaliangalia."

"Padri," Imogen alisema, "huyo si mume wangu."

"Najua, mama." Wetherby aliinama kwa adabu, akarudi ukurasa wa kwanza. "Niwie radhi, Bwana wangu. Nilikuwa namfukuza mwenye nyumba."

Kisha akamtazama Piers ndani kabisa ya macho, mle alimojibanza.

"Ewe kijana uliye ndani ya mtu huyu," alisema, "toka."