Mwombaji Namba 318

Mwanamume aliyeingia dukani Jumamosi ile alianza kwa kuisalimia picha.

Duka la miwani lilikuwa kwenye kona ya jengo la biashara, ghorofa ya chini, mahali ambapo watu hupita wakigongana mabega, na siku hiyo kila mwenye jicho bovu alikuwa amelikumbuka. Mwanamume huyo, miwani yake ikiwa vipande viwili mkononi, alisimama mbele ya tangazo kubwa lenye picha ya mwanamke, akasema kwa adabu zote, "Habari za kazi, dada. Naomba msaada."

Fundi miwani, mwanamke aliyekuwa nyuma ya mashine ya kusagia lenzi na aproni yenye madoa meupe, alicheka mpaka akazima mashine.

"Huyo hajibu," alisema. "Ana maringo. Njoo huku, fuata sauti."

"Nisamehe. Bila miwani hata mama yangu namwamkia kwa kubahatisha."

Fundi aliitengeneza miwani wakati yule bwana amekaa kwenye stuli akipepesa macho. Alikuwa mrefu, shati la buluu limepigwa pasi vizuri, ila vifungo vyote vimeruka tundu moja. Alipovaa miwani, kitu cha kwanza alichokiona ni uso wa fundi, akasahau kushukuru.

"Sasa umeona," fundi akamwambia. "Anza na vifungo vyako."

Yalianzia hapo. Skrubu za miwani hazilegei kila Ijumaa ila mwenyewe akizilegeza, na fundi alilijua hilo, lakini alizikaza bila kuuliza. Bwana yule alikuwa fundi sanifu katika maabara ya kituo cha utafiti wa maji. Fundi akambandika jina la Profesa, kwa utani. Kufikia mwezi wa nne walikuwa wakinywa chai pamoja kwenye mgahawa wa ng'ambo ya barabara, wakipigiana simu mpaka masikio yanapata moto.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula. Wewe je, au umekunywa maji ya utafiti?"

Fundi alimpenda, na kumpenda kulimtia hofu. Alikuwa mwoga tangu wazazi wao walipofariki wakamwachia mdogo wake wa miaka tisa. Kila jambo jema lilipomjia, alianza kutazama mlango litakaoondokea. Mdogo huyo, Kitinda, sasa alikuwa na miaka kumi na saba, sekondari, na ndiye aliyekuwa jambo jema kuliko yote.

Mwaka huo Kitinda alikuwa ameomba nafasi ya likizo kubwa: wiki sita katika kituo cha utafiti, wanafunzi wa sekondari wakifanya kazi na watafiti wenyewe. Waombaji walizidi mia nne. Nafasi zilikuwa kumi na mbili. Kitinda aliandika kuhusu maji meupe yanayotoka kwenye mashine ya dada yake. Miezi mitatu aliyaweka kwenye machupa dirishani, akayachuja kwa kila aina ya kitambaa, akapima kilichobaki. Mashuka mawili yalikwenda na maji. Kisha majina yalifutwa, kila ombi likapewa namba, na Kitinda akawa 318.

Kituo kilikuwa kilekile cha Profesa. Fundi hakumwambia, asije akadhani anapendwa kwa ajili ya nafasi. Wala mdogo mtu hakuwa amemwona Profesa, zaidi ya kusikia dada yake akicheka kwenye simu.

Siku moja mgahawani Profesa alisema, "Wiki hii utanivumilia. Wamenipa rundo la maombi ya wanafunzi, nami ni msomaji."

Fundi aliona mia nne kwa kumi na mbili. Akaona Kitinda akilia chumbani. Ulimi hauna mfupa.

"Ukiikuta namba mia tatu kumi na nane," alinong'ona, "itazame kwa jicho la huruma. Ni mdogo wangu."

Profesa aliweka kikombe chini.

"Usingeniambia hilo."

"Nimekosea?"

"Usingeniambia, mpenzi wangu." Akasimama, chai imebaki nusu, akatoka bila kugeuka nyuma.

Jioni ujumbe ukaingia: *Usinipigie kwa sasa, wala usiniandikie. Nitakueleza.*

Fundi aliusoma mpaka mwanga wa simu ukafifia. Kisha akaitafuta ile karatasi ya masharti aliyoitia saini kama mlezi bila kuisoma. Ukurasa wa mwisho ulisema mwombaji yeyote ambaye msomaji atashawishiwa kwa niaba yake ataondolewa. Chini yake palikuwa na saini yake, nzuri, yenye mkia.

Siku zilizofuata mikono haikumtii. Alimwekea mzee mmoja lenzi ya kulia kushoto, mzee akarudi akilalamika kwamba ngazi zinamfuata. Alimpigia Profesa mara mbili, akakata kabla haijaita. Simu yoyote ikilia dukani, aliangusha alichoshika. Alimpoteza mwanamume, hilo alikwisha kulikubali. Kilichomkosesha usingizi ni kwamba huenda kwa sentensi moja amemwangusha mtoto aliyembeba miaka minane, na mtoto hajui, anaimba tu huku akisuuza machupa yake.

"Dada, wakinichukua nitahitaji koti jeupe," Kitinda alisema siku moja mezani. "Utanishonea jina kifuani?"

Fundi akasukuma sahani kando. Akamweleza yote: Profesa, chai, namba, sharti.

Kitinda alisikiliza mpaka mwisho. Hakulia.

"Kwa hiyo ulidhani sitoshi," alisema hatimaye.

"Niliogopa tu, mdogo wangu."

"Najua uliogopa. Lakini ulidhani sitoshi."

Neno hilo lilikuwa kweli kidogo, na hicho kidogo ndicho kilichouma. Kitinda aliinuka, akaosha sahani zote mbili, akaenda kulala bila kuimba.

Jumanne, saa nne na robo, simu ya duka ililia. Sauti ya mwanamke: anaombwa mlezi wa namba 318 afike kituoni leo, na kitambulisho. Hakusema kwa nini. Fundi alifunga duka wateja wawili wakiwa mlangoni, akampitia Kitinda shuleni.

"Wakikuondoa," alimwambia njiani, "nitawapigia magoti."

"Hutapiga magoti. Tutasikiliza, kisha tutarudi nyumbani," Kitinda akajibu, lakini alimshika mkono.

Kitinda aliachwa kwenye benchi la nje. Msimamizi wa programu, mama mnene mwenye sauti ya upole, alimkalisha fundi, akafungua faili. 

"Mdogo wako amepata," alisema msimamizi. "Wasomaji wawili wasiomjua, kila mmoja peke yake, wamempa alama za juu. Mmoja ameuliza kama ile mashine anaweza kuja kuiona."

Fundi aliangua kilio pale pale, akajifuta kwa aproni aliyosahau kuivua.

"Lakini kuna jambo moja. Msomaji wetu mmoja alijitoa kwenye faili hili kabla ya kulisoma na kulitolea maelezo, hivyo lile sharti la kuondolewa halimgusi mdogo wako. Kwa kanuni zetu, akishajitoa haruhusiwi kuwasiliana na familia mpaka majibu yatoke, hata kueleza kwa nini. Alichoandika lazima mlezi akithibitishe." Akamsogezea fomu.

Palipoandikwa *Uhusiano wako na mwombaji*, kwa mwandiko aliouzoea, palijazwa: *Shemeji yangu mtarajiwa. Nampenda dada yake na nakusudia kumwoa. Aliniambia namba kwa hofu ya mlezi. Mwombaji hana habari. Naomba nisilisome faili hili.* Chini palikuwa na visanduku viwili: *Ni kweli. Si kweli.*

"Ulikuwa unajua?" msimamizi aliuliza.

"Hapana, mama."

"Basi umejua. Kama si kweli, sema, maana hatuwezi kuwa na msomaji anayejitungia mashemeji. Kalamu hii hapa."

Akaichukua kalamu, alama ikakaa ndani ya kisanduku. Alipotoka kwenye korido alipiga namba ya Profesa. Iliita mara moja tu.

"Fundi," ilisema sauti, nyembamba kama ya mgonjwa.

"Naruhusiwa kukupigia?"

"Majibu yametoka saa nne. Tangu saa nne nimeshika simu, naogopa kupiga."

"Unaogopa nini?"

"Kile kisanduku cha pili."

Akaegemea ukuta. Siku zote hizo alidhani hofu ni yake peke yake.

"Kwa mwoga huenda kicheko, Profesa," alisema. "Nimetia alama. Ni kweli."

Upande wa pili pakasikika kiti kinaanguka.

"Shuka huku chini. Na uangalie vifungo, kuna mtu kwenye benchi nataka umsalimie. Safari hii si picha."

"Nani huyo?"

"Shemeji yako."