Jecha na Vishimo vya Mtoni

Kila alasiri, akisharudi kutoka chuo cha Kurani, Jecha alikuwa akivua kanzu, akiitundika msumarini, kisha huyoo uani na fimbo yake ya gofu.

Fimbo hiyo alipewa na baba yake, Bwana Pandu, aliyekuwa mkata majani katika kiwanja cha gofu cha Mnazi Mmoja. Mpini wake wa asili ulivunjika, na baba akautia mwingine wa mti wa mpera. Mipira michakavu walimpa wachezaji wenyewe.

Uani pa nyumba yao ya Mtoni palikuwa tambarare. Jecha aliweka mpira juu ya kipande cha mkeka na kuupiga kwenye gunia lililoning'inia kambani. Alikuwa hakosei. Majirani wakisikia kishindo wakisema, "Mtoto wa Pandu huyo."

Ng'ambo ya njia, kwenye minazi, watoto wenziwe walikuwa wamefukia makopo ya maziwa ardhini, wakapata uwanja wao wa vishimo sita. Wanu, binti wa ami yake, alimpitia kila siku.

"Jecha, twende tukacheze."

"Nnajifunza kwanza," Jecha alijibu bila ya kugeuka.

Ijumaa moja watoto wa Bububu walikuja kushindana. Mtoni iliwachagua Wanu na Jecha, maana sifa za lile gunia zilikuwa zimeenea.

Pigo la kwanza la Jecha lilinyooka, watu wakanong'ona. Lakini mpira ulikwenda kukaa katikati ya mizizi ya mnazi. Hapakuwa na mkeka hapo. Jecha akapiga kwa nguvu zilezile za uani. Fimbo ikagonga mzizi na mpira ukarukia mtaroni. Na hata alipokifikia kishimo, aliupiga mpira ukakipita mbali. Ikawa hivyo mpaka mwisho. Bububu wakashinda.

"Huyu ndiye yule mpiga gunia?" aliuliza Kificho, mkubwa wa watoto wa Bububu. Wenziwe wakacheka.

Jecha alirudi nyumbani uso umemwiva kwa haya. Alilifungua gunia kambani, akalitupa ghalani. Tangu siku hiyo hakufanya tena mazoezi. Alicheza tu na wenzake, kishimo hadi kishimo. Akaizoea mizizi, akaijua miteremko. Lakini kila akikaribia kopo, mpira ulipitiliza.

Jioni moja Bwana Pandu alirudi kutoka kazini, akaiegemeza baiskeli yake kwenye mnazi, akawatazama.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umepitisha tena?"

"Naam. Nnacheza kila siku, lakini sibadiliki."

"Na mimi mtaro ule haunipi njia," alisema Wanu. "Nshauzoea."

"Kosa halizoewi, mwanangu," alisema Bwana Pandu. "Na wewe Jecha, nani alokwambia uache mazoezi ya uani?"

"Uani kulinidanganya, baba."

"Hakukudanganya. Uani mpira unakaa utakapo wewe. Uwanjani unakaa utakapo wenyewe, nawe huna budi kuufuata. Lakini ukishaliona kosa lako uwanjani, lichukue uje nalo nyumbani ulitengeneze. Ukiliacha pale, kesho utalikuta palepale."

Kesho yake Jecha alifukia kopo uani. Alirusha mpira ovyo, na popote ulipoangukia akaupiga kutoka hapo, polepole, mpaka mkono ukajifunza upole. Wanu akafunga kamba chini chini, akajizoeza kuuvusha mpira juu yake kama unavuka mtaro. Siku nyingine walikuwa uani, siku nyingine kwenye minazi. Bi Mwatum, mama yake Jecha, alilalamika kuwa ua wake umekuwa mashimo matupu, lakini hakuwafukuza.

Msimu wa karafuu ulipokwisha, walikwenda Bububu kurudiana. Hadi kishimo cha mwisho walikuwa sawa kwa sawa. Wanu aliuvusha mpira wake juu ya kichaka. Wa Jecha ulikuwa hatua chache tu kutoka kwenye kopo, mahali pa mteremko. Aliutazama, akavuta pumzi, akaugusa. Ukabingirika taratibu, ukasita ukingoni, ukatumbukia.

Kificho alikuwa wa kwanza kumpa mkono. "Leo umetuweza," alisema.

Usiku huo wakila, Jecha alisimulia pigo baada ya pigo. Bwana Pandu alimsikiliza mpaka akamaliza.

"Mazoezi bila ya mchezo," alisema, "ni kunoa panga usilolitumia. Na mchezo bila ya mazoezi ni kukata kuni kwa panga butu. Mwenye akili hukata, akanoa, akarudi kukata. Ndivyo ilivyo kwenye gofu, na ndivyo ilivyo kwenye kila kazi utakayoishika."