Kidole Tumbo cha Ladislao

"Hebu cheka tena," Yasna alisema.

Meza nzima iligeuka kumtazama mchumba wake. Nusu ya ukoo wa Barría, watu wa Punta Arenas, walikuwa wameshika mifupa ya mwanakondoo wa kuchoma. Walikuja kuwaaga wachumba wawili: Yasna, fundi wa jenereta, wa kwanza katika ukoo kuteuliwa kukaa mwaka mzima kwenye kituo cha utafiti Antaktika, na Ladislao, mpishi wa kituo hicho.

Sharti la kituo halina mjadala. Kabla ya kwenda, unakatwa kidole tumbo, hata kiwe kizima, kwa sababu baridi ikiingia ndege haitui na kule hakuna chumba cha upasuaji. Yasna alikatwa wiki ile. Ladislao naye, kwa maelezo yake mwenyewe, alikatwa siku hiyo hiyo katika hospitali nyingine, kishujaa, bila kuguna. Cheti, alisema, kinakuja.

Muda mfupi kabla, mjomba mmoja alikuwa ametoa mzaha. Yasna alishika ubavu wenye mshono, machozi ya maumivu yakamtoka. Ladislao alirusha kichwa nyuma akacheka mpaka kiti kikalia.

"Ladi, mshono wako uko wapi?"

Alijaribu kusingizia damu nzuri ya mababu, eti inaponya haraka. Haikusaidia.

"Naogopa kisu," alisema.

"Unakata nyama kutwa."

"Ile imeshakufa."

"Tumbo likikushika Julai, nitakuzika mimi, tena kwenye barafu. Mimi naenda, Ladi. Kamwambie mkuu wa kituo, la sivyo nitamwambia mimi."

Asubuhi Ladislao alikwenda mwenyewe, akakiri mbele ya kikosi kizima, akapoteza nafasi yake. Yasna alipanda ndege peke yake. Baba yake alizunguka sokoni akiwatangazia wauza samaki, hata wasiouliza, kwamba taa zote za kule zinamtegemea binti yake.

Baada ya majuma kadhaa simu ya Yasna ililia katika chumba cha jenereta.

"Wamenikata. Nimelia, nesi ni shahidi. Mkuu amenipa nafasi kwenye ndege ya mwisho. Bado unanitaka?"

Yasna alifuta oili mikononi, akajibu:

"Nimewaambia wote hapa kwamba mchumba wangu alisimama mbele ya watu akasema ukweli wake. Wanataka kukuona. Padri aliyekuja kutembelea kituo anaondoka na ndege hiyo hiyo, kwa hiyo njoo na suti."

Walifunga ndoa kando ya njia ya ndege, Yasna akiwa ndani ya ovaroli, injini zikinguruma kwa kuwa rubani hakutaka kuchelewa. Padri alipiga kelele, nao wakaitikia kwa kelele zaidi. Kisha ndege ikapaa, na mume na mke wakabaki na baridi yao.