Soren na Kipimo cha Agosti

Kila Jumamosi ya Novemba, kabla ya chai, Marit Haugen alitoka nje kukwangua barafu kwenye kioo cha gari. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na Jumamosi kwao ilikuwa siku ya mpira wa Kimarekani. Kaka yake, Soren, alikuwa mlinzi tegemeo wa timu ya chuo kidogo cha mji wao. Hakuna mchezaji aliyelipwa. Walinyanyua vyuma alfajiri, wakaingia darasani, wakacheza kwa mapenzi tu. Mwaka huo mapenzi hayo yaliwafikisha robo fainali ya taifa.

Siku ya robo fainali wapinzani walibakiza hatua moja tu wafunge. Soren akaruka, helmeti ikagonga helmeti, mshambuliaji akadondoka palepale. Uwanja ukalipuka. Walikuwa wameshinda, na mji haukuwa umewahi kuingia nusu fainali kabla ya hapo.

Jioni mezani Soren aliuliza, "Mama, wiki ijayo tunacheza na nani?" Akajibiwa. Kabla hajamaliza viazi, akauliza tena.

"Umeumia kichwa wewe," Marit alimwambia walipobaki wawili wakiosha vyombo.

"Acha umbea, mdogo wangu. Jumatatu napimwa kumbukumbu, na nitapita."

"Utapita kwa sababu Agosti ulijibu ovyo makusudi! Si ulijisifu mwenyewe?"

Kila Agosti wachezaji walipimwa wakiwa wazima, ili wakigongwa majibu yalinganishwe. Soren alijifanya mzito wa kufikiri mapema, ili hata akiumia aonekane yuleyule.

"Huu ni mwaka wangu wa mwisho, Marit. Ukisema, usiniite kaka tena."

Jumatatu akapita kweli. Marit hakuvumilia. Alimwendea Bi Kowalski, tabibu wa timu, akamweleza yote huku akilia. Hospitalini ikabainika kwamba ubongo wa Soren umetikisika. Akakatazwa kucheza, naye akaacha kumsemesha mdogo wake.

Kocha Dobbins akawakusanya wachezaji. "Nani mwingine alijitia ujinga Agosti?"

Jitu moja la safu ya mbele likanyoosha mkono. "Mimi, Kocha. Ila mimi sikujitia sana."

Wakacheka, na mikono mingine ikainuka. Wote wakapimwa upya.

Nusu fainali walifungwa kwa pointi moja. Hata hivyo watu wa mji walisimama wakawapigia makofi mpaka viganja vikawaka kwenye baridi ile. Soren, aliyemshangilia mbadala wake mpaka sauti ikakauka, alimfuata Marit kwenye uzio.

"Twende nyumbani," alinong'ona. "Kichwa kinaniuma."

Kocha alikuwa nyuma yake. "Hayo ndiyo maneno niliyoyangoja wiki nzima," alisema. "Kombe hushindaniwa kila mwaka, Soren. Kichwa umepewa kimoja. Mchezaji anayeficha maumivu anaidanganya timu yake, na anajidanganya mwenyewe kwanza. Wiki hii mdogo wako ametulinda kuliko wewe. Mshukuru."

Soren alimvuta Marit akamkumbatia.