Nyundo ya Kibonye cha Mwisho

Hebu fumba macho kidogo, uione sebule safi, saa za mchana. Pazia limefunguliwa. Ukutani imeegemea piano nyeusi, ubao wake wa mbele umeng'olewa, na fundi ameingiza kichwa humo mpaka mabegani.

"Fundi, umelala huko?" mama mwenye nyumba akamtania kutoka jikoni.

"Bado kidogo, mama. Zee hili lina ukaidi."

Alikuwa ameshakaza skrubu na kupangusa vumbi. Kilichobaki ni kibonye kimoja cha katikati, ambacho nyundo yake ndogo, ile inayogonga waya ili sauti itoke, ilikuwa imevunjika shingo. Nyundo nyingine hakuwa nayo. Basi akafanya ujanja wa mafundi wenye haraka: akang'oa nyundo ya kibonye cha mwisho kabisa, upande wa kulia, akaipachika katikati. Kile cha mwisho nani hukigusa? Akafunga ubao, akaaga, akaenda zake. Habari ya nyundo hakuitaja.

Kesho yake mama akampigia simu.

"Fundi, njoo. Mwanangu amenyamaza."

Fundi alijua kwamba binti mdogo wa nyumba ile alikuwa amefariki. Mengine alielezwa mlangoni. Kila alasiri, kibonye cha mwisho kilikuwa kikishuka chenyewe na kulia mara moja. Binti, enzi za uhai wake, alizoea kumalizia zoezi lake kwa kukibonyeza hicho, kwa utundu tu. Sauti ile ndiyo iliyokuwa ikimwezesha mama kula na kulala.

"Jana kilishuka, hakikulia. Kikashuka tena na tena. Umemfanya nini?"

Uso wa fundi ukawaka. "Ni unyevu tu, mama."

Mama akaamini. Hilo ndilo lililomchoma zaidi.

Wakangoja. Kibonye kikashuka. Kimya. Kikapanda. Kikashuka. Kimya.

Kisha hakikushuka tena.

Ndani ya piano kitu kikakwaruza mbao, kikipanda taratibu. Halafu waya wa mwisho ukalia. Nyororo mno.

"Mama," fundi akanong'ona, "niliitoa nyundo yake. Nimekudanganya."

Akafungua ubao. Hapakuwa na kitu. Akairudisha nyundo mahali pake, akakibonyeza kibonye. Kikalia vizuri kabisa.

Alasiri iliyofuata alirudi kusikiliza. Kibonye hakikushuka. Sauti ikatokea ndani.

"Alikuwa akikaa kitini, ubavuni pangu," mama akasema, bila hasira. "Sasa yumo humu ndani ya sanduku la piano. Ulipoitoa nyundo, wewe ndiye uliyemfundisha njia."

Fundi aliufungua ubao. Aliwasha tochi, akainama. Kwenye waya wa mwisho kutu ilikuwa imefutika mahali pamoja, padogo, kama ncha ya kidole cha mtoto.

Palikuwa pamelowa.

Nawe, siku ukikaa mbele ya piano, yoyote ile, nakuomba ukumbuke jambo moja tu: kabla ya kuufungua ubao, bisha hodi. Polepole.