Vitufe Visivyoguswa

Kila siku kabla jua halijachomoza, bibi aliwasha redio. Ilikuwa redio ndogo, mkono wake wa kubebea umefungwa kwa kamba, na aliiweka dirishani karibu na kitanda. Chumba cha pili mwanawe, fundi cherehani, alijinyoosha na kuanza kutafuta viatu. Mke wa fundi alikuwa ameshatoka. Alitembea nusu saa nzima hadi kituo cha redio, kandambili miguuni, viatu vya kazi ndani ya mfuko.

Mke wa fundi alikuwa mtangazaji. Lakini ungemuuliza bibi mkwewe anafanya kazi gani, angekujibu kwamba wamemwajiri acheke.

Bibi hakuwa anatania. Kipindi cha asubuhi kilikuwa cha mwanamume mwenye sauti nzito, ambaye watu walimwita Ngurumo. Ngurumo alisoma habari. Ngurumo aliwahoji wakubwa. Mke wa fundi aliketi pembeni yake, akacheka alipotania, akasema "kweli kabisa" na "hapo umesema," kisha akasoma salamu za wasikilizaji. Mtaani walimwita Kicheko. Wauza mboga walimwita hivyo, hata mwalimu mkuu alimwita hivyo, na yeye aliitika kwa miaka minne.

Jambo ambalo mtaa haukulijua ni hili: habari alizosoma Ngurumo ziliandikwa na Kicheko. Alfajiri alipiga simu huku na huku, akauliza, akahakikisha, akaandika. Ngurumo aliingia saa kumi na mbili kasorobo, akapokea karatasi, akasoma.

Siku moja Ngurumo alipata kazi katika kituo kikubwa cha mji mwingine. Aliagwa kwa soda na makofi, akaenda. Kiti cha asubuhi kikabaki wazi.

Meneja hakuwa na mtu. Alimwita Kicheko akamwambia ashikilie kiti kwa wiki moja, Jumatatu hadi Ijumaa, wakati yeye anatafuta mwanamume wa kukikalia. Kicheko aliuliza itakuwaje akikiweza. Meneja alijikuna kidevu. Alisema wataona, Ijumaa ataamua.

"Basi Ijumaa," Kicheko akasema.

Jumatatu alisoma habari kwa mara ya kwanza. Hakukosea hata neno moja. Lakini kufika saa mbili, simu nne zilikuwa zimepigwa. Mmoja alisema sauti hiyo inakwaruza masikio kama msumari juu ya bati. Mwingine alisema amezima redio. Wawili waliuliza Ngurumo atarudi lini.

Meneja alimletea malalamiko hayo yameandikwa kwenye karatasi.

"Dada yangu, si mimi," alisema. "Mimi sina neno na wewe. Ni wasikilizaji. Habari inataka sauti nzito. Sauti ya mwanamke ni ya salamu, ya watoto, ya mapishi. Ndivyo tulivyozoea. Kama unaweza, ishushe kidogo."

Jumanne Kicheko aliishusha. Aliisukuma sauti yake kutoka kooni, ikawa nzito kama ya mtu anayebeba gunia. Alipomaliza kipindi, koo lilikuwa linawaka moto, na simu zilikuwa zimefika saba.

Alirudi nyumbani sauti imemkauka. Mumewe aliacha cherehani, akachemsha maji, akayapooza kwa kuyamimina kutoka kikombe hadi kikombe, akaweka kikombe mkononi mwa mkewe. Kisha akasema kwamba wateja wawili wamepita asubuhi. Walimuuliza kama ni yeye aliyemruhusu mkewe akoromee watu redioni.

"Ukawajibu nini?" Kicheko alinong'ona.

"Nikawaambia suruali zao bado. Warudi wiki ijayo."

"Kwani hazijaisha?"

"Zimeisha tangu jana. Acha wangoje."

Kicheko alicheka, na koo likamuuma.

Hapo jirani akaingia, redio ya bibi kwapani. Jirani huyu mwanamke alikuwa fundi redio. Duka lake lilikuwa chumba kimoja ng'ambo ya njia, kimejaa waya na spika zilizofunguliwa. Mara kwa mara mteja mgeni alichungulia mlangoni akauliza kama fundi yupo, naye alijibu bila kuinua macho, "Unaongea naye."

Asubuhi hiyo bibi alikuwa amempelekea redio yake. Alikuwa na hakika imeharibika. Alisema ndani ya redio kuna mtu anayejifanya mkwe wake.

"Mama, nimeifungua na kuifunga," fundi redio alimwambia bibi. "Redio yako nzima. Ugonjwa uko huko sauti inakotoka."

Kisha akaketi karibu na Kicheko. Alimuuliza juu ya meza ya mitambo pale studio. Je, kipaza sauti chake kina vitufe vya kuzungusha? Nani anavizungusha?

Kicheko alieleza. Vitufe vilikuwepo, mstari mzima. Ngurumo alikuwa ametia alama ya rangi nyeupe pale kila kitufe kinapopaswa kusimama, akabandika karatasi juu yake: VISIGUSWE. Ilikuwa imepita miaka sita na hakuna aliyevigusa. Hata mkono wa chuma unaoshika kipaza sauti ulikuwa umekazwa kwa urefu wa Ngurumo. Yeye alikuwa mrefu kama mlango. Kicheko, aliyezoea kipaza sauti cha pembeni, alipoketi hapo, hiki kilikuwa juu ya paji la uso wake.

Fundi redio alitikisa kichwa taratibu.

"Mdogo wangu, wewe huna sauti mbaya. Ngoja nikuonyeshe, usiniamini kwa maneno tu."

Alikwenda dukani akarudi na spika kuukuu na kisanduku chenye vitufe viwili. Kimoja kilizidisha sauti nzito. Cha pili kilizidisha ukali. Alimrekodi fundi cherehani kwenye simu akihesabu moja hadi ishirini. Kisha akamrekodi Kicheko akihesabu hivyo hivyo, polepole, bila kulilazimisha koo.

Kwanza alichezesha sauti ya fundi cherehani. Ilivuma kama mtu anayesema akiwa chini ya blanketi. Fundi redio akapunguza uzito, akaongeza ukali. Sauti ikafunguka. Kila namba ikasikika vizuri.

"Hivyo ndivyo alivyojitengenezea Ngurumo," alisema. "Ana sauti nzito, ikaongezewa ukali ili isikike. Sasa sigusi kitu. Sikilizeni."

Akaweka sauti ya Kicheko. Bibi aliziba masikio kwa viganja vyote viwili.

"Hii ndiyo waliyoisikia watu Jumatatu," fundi redio alisema. "Hawakudanganya. Waliumia kweli. Ila walimlaumu asiye na kosa."

Kisha akarudisha ukali chini, akaongeza uzito kidogo. Sauti ya Kicheko ikatoka tena, safari hii imetulia, ina joto, kila neno limesimama mahali pake.

Bibi aliondoa viganja masikioni. "Huyo sasa ndiye mke wa mwanangu," alisema.

Fundi cherehani alikuwa ameduwaa. "Kwa hiyo wamemvisha suruali iliyoshonewa mtu mwingine," alisema, "halafu wanasema mwili wake ndio mbaya."

"Ndivyo," fundi redio alijibu. Akamfundisha Kicheko mambo machache. Kipaza sauti kiwe usawa wa mdomo, mbali kiasi cha kiganja kimoja, pembeni kidogo ili pumzi isikipige. Asisukume koo, atumie pumzi ya tumboni. Awe na maji karibu. Na kabla ya kwenda hewani, avae vipokea sauti vya masikioni, ajisikilize, azungushe vitufe mpaka ajitambue.

"Watakataa," Kicheko alisema. "Karatasi ile iko pale miaka sita."

"Iliandikwa na nani, Mungu?"

Jumatano Kicheko alifika studio mapema kuliko siku zote. Fundi mitambo, mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alikuwa anapangusa meza. Kicheko alimwambia anataka kubadilisha vitufe. Fundi mitambo alionyesha karatasi kwa kidole. Alisema ana watoto watano na hiyo kazi ndiyo inayowalisha.

Kicheko aliibandua ile karatasi. Aliikunja mara mbili, akaiweka mezani.

"Wakiuliza, ni mimi," alisema. "Wewe ulikuwa unapangusa meza."

Alivaa vipokea sauti, akaanza kuzungusha. Ukali chini. Uzito juu kidogo. Akasema neno, akasikiliza, akazungusha tena. Lakini mkono wa chuma ulikataa kushuka. Skrubu yake ilikuwa imeshika kutu. Aliuvuta mpaka vidole vikawa vyekundu.

Fundi mitambo alimtazama. Kisha alitoka, akarudi na koleo na tone la mafuta. Aliilegeza skrubu, akashusha kipaza sauti hadi usawa wa mdomo wa Kicheko, akaikaza upya.

"Mimi sijaona kitu," alisema, akarudi kwenye kiti chake.

Saa kumi na mbili kamili Kicheko alifungua kipaza sauti akasoma habari kwa sauti yake mwenyewe.

Meneja aliingia wimbo wa kwanza ulipokuwa unapigwa. Aliona karatasi mezani. Aliuliza nani amegusa.

"Mimi," Kicheko akasema.

"Rudisha."

"Sirudishi."

Meneja alimgeukia fundi mitambo, ambaye alikuwa anapangusa meza ileile.

"Bosi, wimbo umebaki dakika mbili," Kicheko aliendelea. "Ukitaka kunitoa, nitoe sasa, ukae hapa usome. Kama husomi, naomba unipishe nifanye kazi."

Meneja alitazama kiti. Alitazama saa ya ukutani. Kisha simu ya ofisini ililia, akaenda kuipokea, pengine kwa kushukuru. Alikuwa ni yule msikilizaji aliyezima redio Jumatatu. Alitaka kujua huyu mtangazaji mpya wamempata wapi, na yule wa jana wamempeleka wapi.

Siku hiyo hakuna aliyelalamika. Alhamisi watu walipiga, lakini walipiga kuuliza zaidi juu ya habari yenyewe.

Ijumaa ilifika. Meneja alimkaribisha Kicheko ofisini, akamsifu sana. Alisema kwa kweli sauti imekuwa nzuri. Kwa hiyo ameamua kumpa kipindi chake mwenyewe, cha mapishi na malezi, saa nzima kila alasiri. Kiti cha asubuhi atampa kijana mmoja wa kiume, na Kicheko atamsaidia kuandika habari mpaka azoee.

Kicheko aliwaza njia ya nusu saa alfajiri, na miaka minne.

"Mapishi ni kazi nzuri, na anayeijua aifanye," alisema. "Lakini Jumatatu uliniambia shida ni sauti. Sauti imepona. Leo shida ni nini?"

Meneja alisema watu hawajazoea mwanamke kwenye habari.

"Watazoea vipi bila kusikia? Na hizo habari wamezoea zamani. Nimeziandika mimi miaka minne. Wamekuwa wakisikiliza maneno yangu kwa mdomo wa mtu mwingine. Huyo kijana sitamwandikia. Salamu sirudii. Kama kiti si changu, niambie leo, nikatafute kituo chenye kiti."

Meneja alifungua ratiba, akaifunga, akaifungua tena.

"Na wasikilizaji wakilalamika?"

"Nipe simu niongee nao mwenyewe."

Meneja alichukua kalamu. Pale palipoandikwa jina la Ngurumo, alikata, akaandika jina la mwanamke huyu, jina kamili alilopewa na wazazi wake. Mtaa nao ulijifunza kulitaja.

Mwezi huo mambo yalibadilika pale kituoni. Fundi mitambo aliandika kadi kwa kila mtangazaji, inayoonyesha vitufe visimame wapi kwa sauti yake. Meneja alitangaza nafasi mbili za kazi, na safari hii aliwajaribu waombaji wote, wake kwa waume, kila mmoja kwa vipimo vyake mwenyewe. Waliochaguliwa ni mwanamume mmoja na mwanamke mmoja. Mwanamke alipewa michezo, kwa sababu ndiye aliyeijua zaidi.

Na kipindi cha asubuhi? Wiki ya pili alialikwa mkuu wa ofisi ya maji. Mitaa ya juu ilikuwa haina maji kwa siku kumi na moja. Mkuu alieleza kwa maneno marefu jinsi ofisi inavyojitahidi. Mtangazaji alimwacha amalize, kisha akauliza bomba litatengenezwa lini. Mkuu alieleza tena. Mtangazaji aliuliza tena, maneno yaleyale, kwa upole uleule.

"Siku tatu," mkuu alisema mwishowe.

Mtangazaji alimshukuru, akaagana naye vizuri. Siku ya tatu, saa moja na nusu asubuhi, alimpigia simu hewani, akamuuliza kama bomba limetengenezwa.