Funguo Mbili Zinatosha

Ijumaa, saa tatu asubuhi

Chumba kilikuwa nyuma ya duka la kutengeneza simu, kikinuka waya ulioungua. Wanaume watatu, viti viwili. Askofu alikalia kimoja kwa sababu ndiye mkubwa. Kufuli alikalia cha pili kwa sababu gereza lilimrudisha bila mgongo. Shemeji alisimama. Duka ni lake, na wageni wakizidi, mwenye nyumba ndiye hukosa kiti.

Tuwajue kabla hawajaenda kuiba, maana wakishaiba hawatakuwa na muda wa salamu. Askofu hakuwa askofu. Aliitwa hivyo kwa kuwa hakuwahi kupaza sauti, na waliobishana naye walizikwa kwa maombi mazuri. Shemeji alikuwa fundi simu, mume wa dada yake Kufuli, mtu mwembamba mwenye vidole virefu. Na Kufuli ni Kufuli. Hakuna mlango uliowahi kumkatalia, isipokuwa ule wa gereza, uliomkatalia miaka tisa.

"Mara ya mwisho," Askofu alisema. "Mwenye tumbo la kuhara aseme sasa."



Mambo yalikuwa hivi. Kwa mwezi mzima Gavana wa Benki Kuu alikuwa akitangaza redioni kwamba noti kubwa za zamani zinakufa Ijumaa hii, saa kumi jioni. Ukiwa nazo, zipeleke benki ubadilishiwe. Ila ueleze ulizipata wapi. Hapo ndipo nchi nzima iliposhikwa na kigugumizi. Bwana wa forodha ataelezaje magunia yaliyo chini ya kitanda? Mheshimiwa naye aseme alifuga kuku?

Wote walikimbilia kwa Magodoro. Huyo aliuza magodoro mbele na miujiza nyuma. Unamletea magunia yako, anayanunua kwa bei ya mgonjwa mahututi, kisha anakurushia sarafu za mtandao, zile zisizo na noti wala sura ya rais. Magunia yenyewe aliyapitisha kwa rafiki yake wa benki ambaye Mungu hakumjalia udadisi. Sarafu hizo serikali ilikuwa imezipiga marufuku kwa sababu haiwezi kuona nani anazo. Tangazo la biashara zuri kuliko hilo halijawahi kutolewa.

Kwa hiyo siku ya mwisho, mchana, pochi ya Magodoro ingekuwa imevimba kuliko siku zote. Pochi yenyewe ni kifaa kidogo kinachochomekwa kwenye kompyuta. Akiingiza namba ya siri, kinafunguka. Akikichomoa, kinajifunga, na hata umpige mpaka asahau jina la mama yake, namba ataisahau pia. Basi ilibidi wamkute amekwisha kukifungua. Askofu angeingia kwa mbele kama mjumbe wa Mheshimiwa. Kufuli angefungua mlango wa chuma wa nyuma, kimya kimya. Shemeji angehamisha mzigo.

Swali lilikuwa mzigo uhamie wapi. Zamani mlikata gunia, kila mtu akabeba lake. Hizi hazibebeki. Lazima zikae mahali pamoja mpaka joto lipungue, na majambazi kukaa na kitu pamoja ni kama paka kulinda samaki kwa zamu.

Kufuli ndiye aliyependekeza funguo tatu. Kabla ya jela aliwahi kuwatengenezea akina mama wa kikundi cha akiba sanduku la kufuli tatu. Mama watatu, kila mmoja na ufunguo wake. Mmoja akikosekana, sanduku halifunguki. Hawakuwahi kuibiana.

Shemeji alicheka. Alisema akina mama hawakamatwi na polisi. "Sisi mmoja wetu akidakwa, hela zitalala humo mpaka kiama. Tufanye tatu, lakini mbili zinatosha kufungua. Aliye ndani hapotezi fungu lake, na walio nje hawafi njaa."

Askofu alitikisa kichwa kukubali. Kufuli naye akakubali, na alikubali kwa moyo. Mtu aliyefungwa miaka tisa hupanga maisha kuanzia siku ya kukamatwa. Alijiona amedakwa, akaona Askofu na Shemeji wakifungua, akaona fungu lake likifika nyumbani. Mfua kufuli mzima, hakujiuliza swali lile jingine: kufuli inayokubali mmoja akosekane, je, haifunguki kwa urahisi zaidi akikosekana?

Kila mmoja alipewa simu kuukuu yenye ufunguo wake ndani. Kisha Askofu alirudia sheria ya zamani: kazi ikiisha, hakuna kuambiana unakokwenda. Usilolijua, huwezi kulitapika.

Kufuli alijua anakokwenda. Alikuwa na binti. Alimwacha hajaota meno, na mama yake akafariki mwaka uliofuata. Dada yake Kufuli alimchukua, yeye na Shemeji wakamlea, na mtoto akawaita mama na baba, kama ilivyo haki ya mtoto. Kufuli alipotoka, aliletewa msichana mrefu wa kumpa shikamoo. "Msalimie mjomba," dada alimwambia. Kufuli aliitikia marahaba kama mjomba. Alikula kama mjomba, akaondoka kama mjomba.

Ila mwezi huu alimwambia dada kwamba anataka kumchukua mwanawe. Atakuwa na hela, atapanga nyumba mji mwingine, atafungua karakana ya halali. Walikubaliana wakutane leo, saa tisa na nusu, kwa fundi cherehani anayemshonea mtoto sare. Hapo angeambiwa ukweli. Kufuli alikuwa amejifunza maneno hayo kwa sauti, peke yake, akinyoa ndevu.

Saa nane na robo mchana

Uchochoro ulikuwa mtupu. Mji wote ulikuwa kwenye foleni za benki, na polisi wote walikuwa wakilinda foleni. Shemeji aliegemea ukuta akitafuna kucha. Kufuli alipiga goti mbele ya mlango wa chuma, akatoa vyuma vyake viwili, akafumba macho. Yeye huona kwa vidole.

Komeo la kwanza likaachia. La pili likagoma kidogo, kama mtu mzima anayebembelezwa, kisha nalo likaachia.

Kwa ndani walimsikia Askofu akilalamika kuhusu bei. Alikuwa na magunia mawili, noti juu, magazeti chini, na alibembeleza kama mtu mwenye haki. Magodoro akamwambia mgonjwa hachagui daktari. Vibonye vikalia. Halafu sauti ya Askofu, tulivu:

"Mungu ni mwema."

Ndiyo ilikuwa ishara. Kufuli alisukuma mlango. Magodoro, mnene, jasho shingoni, alirusha mkono kuelekea kifaa. Kufuli aliudaka kifundoni, upana wa kidole kabla haujafika. Bastola ya Askofu ikakaa kwenye mbavu kama vile imezaliwa hapo.

Shemeji aliruka magunia kufika kwenye kiti. Chumba kilijaa magunia ya hela mpaka kwenye dari, na majambazi watatu wakayaruka bila kuyatazama, kama watu wanaoruka dimbwi. Kama wezi wa zamani wangewaona, wangelia.

"Mnajua ni hela za nani hizo?" Magodoro aliuliza.

"Za watu wasioweza kwenda polisi," Askofu alimjibu.

Vidole virefu vikafanya kazi. Sasa kulikuwa na kungoja, kwa sababu mtandao nao una taratibu zake: lazima muamala uthibitishwe na mashine za watu usiowajua, mara kadhaa, ndipo uwe wako. Walisimama wakitazama kioo. Mlango wa mbele ukagongwa.

Kijana wa dukani alikuwa na mteja wa godoro la futi tano kwa sita, anataka apunguziwe.

"Bei ni ileile," Magodoro alipaza sauti, bastola ikiwa mbavuni.

"Mpunguzie," Askofu alinong'ona. "Usiwe mchoyo siku kama ya leo."

Magodoro akapunguza. Hatua za kijana zikaondoka. Kwenye kioo, alama ya mwisho ikageuka kijani.

Walipomfunga mikono, Magodoro aliwacheka. Alisema biashara hii anaijua kuliko wao. Hela hizi kila mtu anaziona zikiondoka, lakini mkono unaoziondoa hauonekani. "Kesho mtakuwa mnanusana."

Wakatoka kwa njia iliyobuniwa na Kufuli mwenyewe: kila mmoja na godoro kichwani. Mwenye godoro kichwani hana uso. Uchochoroni Shemeji alimwekea Kufuli kola sawa, taratibu, kama mke.

"Nenda salama, shemeji," alisema. Hakuuliza anakwenda wapi. Kufuli akampenda kwa hilo. Mwaminifu wa sheria.

Saa tisa na dakika ishirini

Fundi cherehani alikuwa mzee mwenye tepu shingoni. Alilitazama godoro la mteja wake, akaamua si kazi yake kuuliza. Sare ilikuwa imetundikwa ukutani, bado haina pindo. Fundi alisema anasubiri mtoto aje ajaribu, watoto siku hizi wanarefuka kati ya kupimwa na kushonewa.

Kufuli akaketi kwenye benchi, akatoa simu kuukuu. Mzigo ulikuwa humo, umetulia. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi akapumua mpaka chini.

Kioo kikawaka.

*Ombi la kuhamisha. Sahihi ya kwanza imepokelewa.*

Alidhani simu imekosea. Akaipangusa na shati. Watu wa rika lake hutibu kila kitu kwa kupangusa.

*Sahihi ya pili imepokelewa.*

Tarakimu zikashuka zote kwa pamoja. Pakabaki sifuri, duara na safi kama yai. Alibonyeza ufunguo wake. Akabonyeza tena. Simu ikamjibu kwa adabu: *Muamala umekamilika. Sahihi yako haihitajiki.*

Funguo mbili zinatosha. Shemeji na Askofu. Alikaa akitazama herufi hizo, na kitu cha ajabu ni kwamba hakupiga kelele. Alijiambia hela ni hela. Mtoto yuko njiani. Atapanga chumba badala ya nyumba. Atachonga funguo za watu barabarani, chini ya mwavuli. Mtoto hatamuuliza mbona hakuna zulia.

Dada akaingia. Peke yake.

"Yuko wapi?"

"Nyumbani."

"Tulikubaliana, dada."

"Ulikubaliana wewe, kaka. Mimi nilinyamaza."

Kufuli alimwonyesha simu. Alimwambia mumewe amemgeuka, yeye na Askofu, sasa hivi, hela zote. Dada hakuitazama simu. Alikuwa akiitazama sare ukutani.

"Najua," alisema.

"Tangu lini?"

"Tangu uliposema utamchukua." Sauti yake ilikuwa ya kawaida, ile ya kuambiana chumvi imeisha. "Akiumwa usiku anamwita baba, na anayeamka ni mume wangu. Ningemwambia nini? Kwamba baba yake ni yule mjomba wa gerezani?"

"Ni mwanangu."

"Ulimzaa. Sikatai." Akagusa mkono wa sare. "Askofu alitaka ufe. Mimi nilikataa. Nikasema hapana, afungwe tu. Ndiyo maana nikawaambia polisi utakuwa hapa."

Akamtazama, kama mtu anayesubiri ashukuriwe.

Ndipo Kufuli alipoelewa kwa nini Shemeji hakuuliza anakwenda wapi. Alikwisha kuambiwa na mkewe. Mahali hapa alikuwa amemwambia mtu mmoja tu duniani, na sheria ya zamani haikumhesabu dada kama mtu wa kufichwa.

Wanaume wawili wenye mashati ya kiraia wakasimama mlangoni, mmoja kulia, mmoja kushoto kwa godoro. Fundi cherehani akaondoa mguu kwenye mashine. Kufuli hakukimbia. Mgongo wenyewe haukukubali.

Saa kumi kasoro dakika chache

Magodoro hakuwa amelalamika popote. Kwa maandishi, siku hiyo hakuna aliyeibiwa chochote. Ila mfungwa aliyetoka kwa masharti alikuwa amekamatwa na simu yenye pochi ya sarafu haramu. Kwa serikali, kuwa na pochi hiyo ni kosa hata kama ndani pana sifuri.

Inspekta alikuwa kijana, mpole, amechoka na foleni. Aliigeuza simu mkononi. Alisema ameusoma ujumbe uliomo: pochi ina funguo tatu, na wenye funguo mbili ndio wamebeba. Akasogeza kiti.

"Mzee wangu, wamekuacha na ganda. Nitajie hao wawili, nitakuombea upunguziwe. Usiponitajia, unarudi kumalizia kifungo chako, na hiki kipya juu yake."

Majina yalikuwa ulimini tayari. Askofu angeanguka. Shemeji angeanguka, na dada angefuata, maana hela zingekutwa chini ya paa lake. Halafu askari wangempata msichana mrefu nyumbani, amekaa na begi la shule, hana mama, hana baba, na mjomba wake yuko rumande. Angepelekwa kwa watu wasiojua hata kwamba usiku huwa anaota.

Dada alikuwa amelipima hilo kabla hajapiga simu. Alikua naye chumba kimoja, mkeka mmoja. Alijua kaka yake angejibu nini, na kwa kulijua hilo ndipo alipopata ujasiri wa kumuuza. Kufuli aliona hivyo waziwazi, na hakuna kipigo cha miaka tisa kilichowahi kumfika pale.

"Nilikuwa peke yangu," alisema.

Inspekta akaandika.

"Una mke?"

"Alifariki."

"Watoto?"

Kalamu ikangoja. Kufuli alifungua mdomo, na yale maneno aliyojifunza akinyoa ndevu yalikuwepo yote, yamepangwa vizuri, kila moja mahali pake.

"Mpwa," alisema. "Nina mpwa mmoja. Wa kike."